Uwanja wa mtaa ni wa nani, na nani anapaswa kuusimamia?

Swali kutoka Mbeya:

"Mimi ni katibu wa timu ya soka kwenye mtaa mmoja upande wa Uyole. Uwanja wetu umechezewa tangu enzi za wazee wetu, wakati huku bado kunaitwa kijiji. Leo unatumiwa na timu tatu za soka, akina mama wa mpira wa pete, na shule ya msingi jirani ambayo haina uwanja wake. Karibuni kuna mtu ameweka mawe ya mipaka kwenye kona ya kusini, anadai ameuziwa. Mwenyekiti wa mtaa naye anaukodisha kwa mikutano na maegesho ya malori, na fedha hatujui zinakwenda wapi. Vijana wanasema dawa ni timu kutafuta hati kwa jina lake, kisha tujenge ukuta. Kisheria uwanja huu ni wa nani, na tufanye nini?"

Jibu:

Ndugu Katibu, nianze na kona ya kusini. Mengine yote yanaweza kusubiri wiki mbili tatu, hiyo haiwezi. Mtu akishaweka mawe, kinachofuata ni tripu ya mchanga na matofali, na msingi ukishapanda, kila ofisi mtakayoingia itaanza kuongea habari za fidia. Kwa hiyo andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Jiji, nakala kwa Afisa Mipango Miji, Mtendaji wa Kata na Diwani wenu. Iwe fupi: uwanja uko wapi, unatumiwa na nani, kimetokea nini na tarehe gani, na ombi moja tu, kwamba ujenzi wowote usimamishwe mpaka ofisi ya ardhi ithibitishe mipaka. Ambatanisheni picha. Pelekeni kwa mkono, na nakala inayobaki kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Malalamiko ya mdomo kwenye mkutano wa mtaa yanasikika siku ile, lakini baada ya miaka miwili hakuna atakayeweza kuonyesha kwamba mlipinga mapema.

Mawe yenyewe msiyang'oe. Najua vijana wanatamani kufanya hivyo usiku mmoja wamalize kazi. Mkiyang'oa, yeye ndiye atakayekwenda polisi kulalamika, nanyi mtakuwa watuhumiwa. Na kama ni alama zilizowekwa na mpimaji mwenye kibali, kuzing'oa ni kosa chini ya sheria ya upimaji ardhi. Yapigeni picha, andikeni namba zilizoandikwa juu yake kama zipo, basi. Namba hizo zitawasaidia, kwa sababu jiwe halali lina kumbukumbu ofisini, na jiwe la kuokota halina.

Pengine kuna atakayewaambia kwamba kona tu si jambo la kugombania. Pimeni uwanja kwa futi kamba mjibu kwa namba. Sheria za soka zinataka uwanja uwe na urefu usiopungua mita 90 na usiozidi 120, na upana kati ya mita 45 na 90. Uwanja wa kawaida unaopendekezwa ni mita 105 kwa 68. Kipande cha mita 20 kikiliwa upande wa goli, mita 105 zinabaki 85, na hapo hamna tena uwanja wa mashindano, mna kiwanja cha mazoezi. Ongezeni nafasi ya pembeni ambayo mchezaji anahitaji asije akajigonga ukutani, angalau mita 5 kila upande, mnafika karibu mita za mraba 9,000 kabla hamjafikiria uwanja wa mpira wa pete, ambao nao ni mita 30.5 kwa 15.25. Kwa hiyo mnapoandika kwa Mkurugenzi, msitaje chaki za uwanja kama mipaka yenu. Tajeni eneo lote linalotumika, pamoja na pale watazamaji wanaposimama na akina mama wanapochezea. Nimeona viwanja vingi vikiliwa kutoka pembeni, kwa sababu watu walilinda mistari ya chokaa wakasahau kilichoko nje yake.

Sasa umiliki. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Tunachoita kumiliki ni haki ya kutumia iliyotolewa kwa mtu au chombo fulani. Kwenye mji, eneo la wazi na eneo la michezo huwa chini ya halmashauri ya mji husika, ambayo ndiyo mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Kwa hiyo mwenye dhamana ya uwanja wenu ni Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Timu hazina dhamana hiyo, na mwenyekiti wa mtaa pia hana.

Hapo kwa mwenyekiti pana jambo ambalo watu wengi wa pembezoni mwa Mbeya hawajalifahamu vizuri. Kijiji kina halmashauri ya kijiji, na hiyo ni chombo kamili cha kisheria: inaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa hauna hadhi hiyo. Mtaa ni ngazi ya uongozi ndani ya mji, una mwenyekiti wa kuchaguliwa na kamati yake, lakini hauna mali ya ardhi wa kuiuza wala kuikodisha kwa jina lake. Siku kijiji chenu kilipokoma kuwa kijiji kikagawanywa mitaa, dhamana ya mali za pamoja ilihamia kwa halmashauri ya mji. Haikubaki mkononi mwa mwenyekiti. Kwa hiyo karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa na saini za mashahidi watano haiwezi kuhamisha hata hatua moja ya uwanja. Anayedai kuuziwa aulizwe swali moja kwa upole: aliyekuuzia aliupata wapi?

Jibu linaweza kuwa zito kuliko mnavyotegemea, nanyi mjiandae kulisikia. Wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970, maeneo ya shule, zahanati na viwanja yalitengwa kwenye mashamba ya watu, na watoto wa familia hizo bado wapo. Kama huyu bwana amenunua kwa mjukuu wa mwenye shamba la zamani, msimwite tapeli kabla hamjaangalia historia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa watu waliohamia vijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977, na mwanasheria ataweza kuwaambia kama uwanja wenu unaangukia hapo. Kazi yenu kwa sasa ni kukusanya ushahidi. Mihtasari ya vikao vya kijiji cha zamani, picha za mechi za miaka ile, barua za shule kuhusu UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi, daftari la usajili wa timu, na maelezo ya wazee waliokuwepo. Wazee andikeni maelezo yao sasa, wakiwa hai na kumbukumbu zao ziko sawa, wayasaini mbele ya wakili. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloahirishwa sana, na likishapotea halirudi.

Baada ya barua, nendeni ofisi ya ardhi ya jiji mkaombe kuona mchoro wa mipango miji unaohusu eneo lenu. Mchoro unaonyesha kila kipande kimepangiwa matumizi gani. Ramani ya upimaji, ambayo ni nyingine, inaonyesha mipaka iliyopimwa na namba za viwanja. Ombeni zote mbili, maana mara nyingi moja ipo na nyingine haipo.

Mkikuta uwanja umechorwa kama eneo la wazi au la michezo, mko pazuri. Kilichobaki ni kuomba upimwe, uwekewe mawe rasmi na umilikishwe kwa jina la Halmashauri kwa matumizi hayo hayo. Mkikuta umekatwakatwa namba za makazi, ulizeni mchoro huo uliidhinishwa lini, na kama kabla yake eneo lilikuwa na matumizi mengine. Kubadili matumizi ya ardhi ya mjini kuna utaratibu wake: maombi, tangazo la kuwapa walioguswa nafasi ya kupinga, na uamuzi wa kikao. Kama hakuna aliyewahi kuona tangazo, hapo ndipo hoja yenu ilipo. Na kama kuna mtu tayari ana hati, jambo linapanda hadi ofisi ya Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa mkoa na huenda likafika mahakamani, hivyo tafuteni wakili mapema.

Uwezekano wa tatu, ambao naudhani ndio mkubwa kwa eneo lililokuwa kijiji, ni kwamba hakuna mchoro wowote. Hapo msikate tamaa, maana ni nafasi nzuri mno. Zoezi la urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mchoro, linapofika mtaani, wakazi wenyewe hukaa na wapangaji kukubaliana barabara zipite wapi na maeneo ya umma yawe wapi. Hakikisheni mna watu kwenye kamati ya urasimishaji, na uwanja uingie kwenye mchoro kabla ya kiwanja cha mtu yeyote. Mchoro ukishaidhinishwa bila uwanja, kuurudisha ndani ni kazi ya miaka.

Kuhusu wazo la vijana la timu kutafuta hati kwa jina lake: ninalipinga, na nitaeleza kwa nini. Kwanza kuna kikwazo cha kisheria. Timu ambayo haijasajiliwa haiwezi kumiliki ardhi. Hata ikisajiliwa kwa Msajili wa vyama na vilabu vya michezo aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, kumiliki ardhi kama kikundi kunahitaji wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Hayo yanawezekana. Kinachonitia wasiwasi ni yatakayofuata. Uwanja ukiwa na hati ya timu moja, timu nyingine mbili, akina mama na shule wanageuka wageni kwenye ardhi waliyoizoea kama yao. Timu ikigawanyika, na timu zetu zinagawanyika, hati inakuwa mali ya ugomvi. Timu ikikopa ikashindwa kulipa, uwanja ni dhamana.

Angalieni viwanja vikubwa vya kanda yetu. Sokoine hapa Mbeya na Samora kule Iringa ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Ni vya enzi ya chama kimoja, wakati mstari kati ya mali ya chama na mali ya umma haukuwa wazi kama leo, na tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992 hoja ya viwanja vya namna hiyo kuwa vya nani hairukwi kila siasa inapopamba moto. Sitaki kuamua hoja hiyo hapa. Ninachotaka mkione ni kwamba jina lililoandikwa kwenye karatasi siku ya kwanza ndilo linalobaki, hata kama kila mtu anakumbuka nani alibeba mawe ya kujengea. Mbeya City, timu iliyozaliwa ndani ya Halmashauri ya Jiji na kumaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu mwaka 2013/14, imekuwa ikichezea Sokoine. Halmashauri yenye timu yake ikawa mtumiaji kwenye uwanja wa mwingine. Kwa hiyo mwenye mali, msimamizi na mtumiaji wanaweza kuwa watu watatu tofauti, na hakuna ubaya, mradi kila mmoja anajua nafasi yake kwa maandishi.

Ninachopendekeza kwenu ndicho hicho. Umiliki ubaki kwa Halmashauri ya Jiji, kwa hati inayosema matumizi ni michezo na burudani kwa umma. Usimamizi wa kila siku uwe wa kamati ya watumiaji kwa mkataba na Halmashauri. Muda wa miaka mitano unatosha, unaoweza kuongezwa. Mkataba wa miaka 33 nauogopa kwa sababu kamati ya leo si kamati ya wajukuu wenu, na kamati mbovu lazima iweze kuondolewa.

Kamati iundwe na nani? Kila timu itoe mtu mmoja, mpira wa pete mmoja, shule mmoja, na wakazi wasiocheza chochote wawe angalau wawili, maana wao ndio wanaopigiwa vipaza sauti usiku. Mwenyekiti wa mtaa aingie kwa nafasi yake, bila kuwa mwenyekiti wa kamati wala mtia saini wa benki. Sajilini kamati kama kikundi cha kijamii kwenye halmashauri ili iweze kufungua akaunti na kusaini mkataba.

Kwenye mkataba wenyewe msikubali maneno ya jumla. Uandikwe kwamba ardhi haikodishwi kwa muda mrefu kwa mtu wa tatu wala kuwekwa rehani, na hakuna jengo la kudumu bila kibali cha ujenzi. Ratiba ya wiki iandikwe, na saa za shule zisiguswe na mtu. Akina mama wa mpira wa pete wapewe saa zao ambazo timu ya soka haiwezi kuzichukua kwa sababu ina mechi ya ndondo Jumapili. Hili nalikazia, maana kwenye viwanja vyetu vingi wanawake hupewa muda unaobaki, na muda unaobaki kwa kawaida ni giza. Bei za kukodisha ziwe kwenye ubao ulio wazi: mkutano wa injili kiasi gani, mkutano wa siasa kiasi hicho hicho kwa vyama vyote, bonanza la kampuni zaidi. Mwenye mkutano wa siasa bado anawajibika kutoa taarifa polisi saa 48 kabla, na hilo ni jukumu lake mwenyewe. Malipo yapitie namba ya malipo ya serikali inayotolewa na halmashauri, na mkataba useme ni asilimia ngapi itarudi kwenye uwanja wenyewe. Bila kipengele hicho cha mwisho fedha zitaingia mfuko mkuu wa jiji na hamtaziona. Mapato na matumizi yabandikwe kila robo mwaka.

Nikirudi kwa mwenyekiti wenu: msimwendee kama mwizi. Amekuwa akipokea fedha bila utaratibu, hilo ni kosa, lakini huenda sehemu imekwenda kwenye mambo ya mtaa na hakuna aliyewahi kumdai hesabu. Mwombeni mkutano mkuu wa mtaa, ajenda iwe uwanja, na aeleze kilichopokelewa na kilichotumika. Mkiwa na mtu mzima anayeheshimika wa kufungua mazungumzo, itasaidia. Akikataa kuitisha, pelekeni kwa Mtendaji wa Kata, na suala liingie Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo Diwani ndiye mwenyekiti wake. Msimruke Diwani. Mkataba wenu utahitaji mtu wa kuutetea kwenye Baraza la Madiwani.

Malori yaondoke mara moja, hasa mvua zikianza mwezi wa kumi na moja. Lori likipita kwenye udongo uliolowa linaushindilia kiasi kwamba maji hayanywei, na madimbwi yatakaa mbele ya goli mpaka mwezi wa tano. Chimbeni mfereji nje ya mstari upande wa juu wa mteremko, pandeni ukoka mvua zinapoanza, na mazoezi ya kila siku yahamishwe mbali na eneo la goli ili nyasi zipumue. Magoli ya kuhamishika yafungwe chini kwa nguvu, maana goli lisilofungwa likimwangukia mtoto linaua.

Ikifika mahakamani, yafaa kujua njia mapema. Dhidi ya mtu binafsi, shauri la ardhi huanza kwa usuluhishi kwenye Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 linasuluhisha tu bila kuamua, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila mtu huyo akiwa kwenye eneo lililotengwa kwa matumizi ya umma, anayestahili kumwondoa ni Halmashauri, na barua zenu zenye mihuri ndizo zitakazoilazimu kuchukua hatua. Mkilazimika kuishtaki Halmashauri yenyewe, sheria inataka notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Wakazi wachache wanaweza kuwakilisha wengine kwa ruhusa ya mahakama. Ni njia ndefu na ya gharama, lakini notisi peke yake mara nyingine huamsha faili lililolala.

Kwa wasomaji wa vijijini, Kilolo, Mufindi, Rungwe na kwingineko, mambo yenu ni mepesi kidogo. Mwenye dhamana ni halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Uwanja uingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kama ardhi ya pamoja, uandikwe kwenye rejista, na muhtasari wa mkutano utunzwe sehemu mbili. Fanyeni hivyo sasa kama mji unasogea karibu yenu.

Umeuliza pia habari ya ukuta. Ninashauri usijengwe kwa sasa. Ni gharama kubwa mno kwa timu tatu za mtaa, unahitaji kibali cha mwenye ardhi, na ukishasimama huja lango, lango huja kiingilio, na mtoto anayecheza kwa miguu mitupu anabaki nje. Pimeni kwanza, mawe rasmi yawekwe, kisha pandeni michongoma kuzunguka mpaka wote mkiacha njia za kupita, pamoja na miti ya kivuli upande wa watazamaji. Mikaratusi msipande karibu. Inakunywa maji na itawaharibia nyasi. Jiji likikubali kuwapimia, ombeni mpimaji aje siku ambayo wazee waliotenga eneo lile wanaweza kuwepo, watembee naye mpaka wote, na majirani wanaopakana nanyi wasaini kwamba wameuona.